Mwenye Mtaji Naye Ana Mwenyewe



Nimeombwa nizungumzie jinsi waanzilishi wa kampuni changa wanavyotafuta mtaji kwa wawekezaji, na jinsi wanavyoishi nao wakishaupata. Kwenye semina nyingi za mjini somo hili huanzia kwenye slaidi: ziwe ngapi, uongee dakika ngapi, uvae nini. Mimi nitaanzia upande wa pili wa meza, kwa sababu nimeona vijana wengi wanaojua kuomba fedha na wachache mno wanaojua fedha hizo zimetoka wapi na zinatakiwa zirudi kwa nani, lini.

Twende Boston, mwaka 1957. Wahandisi wawili kutoka maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Ken Olsen na Harlan Anderson, walitaka kutengeneza kompyuta ndogo na za bei nafuu. Walibisha hodi kwa kampuni ya uwekezaji ya American Research and Development, au ARD, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot, Mfaransa kwa kuzaliwa, aliyekuwa profesa wa biashara Harvard na jenerali wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kabla hawajaingia mbele ya bodi, watu wa ARD waliwanong'oneza wasitaje kompyuta kabisa, maana kampuni kubwa zilikuwa zikipata hasara kwenye kompyuta na wajumbe wangeshtuka. Wakaambiwa pia wasiahidi faida ya asilimia 5, kwa kuwa hakuna anayehatarisha fedha zake kwa faida ya namna hiyo. Wakaingia, wakajieleza kama watengenezaji wa vifaa vya elektroniki vya maabara, wakatoka na dola 70,000. ARD ikachukua zaidi ya theluthi mbili ya hisa za kampuni yao mpya, Digital Equipment Corporation, DEC. Miaka 11 baadaye hisa hizo zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida msimuliaji huishia kwenye hiyo milioni 350. Mimi hunivutia jambo jingine. ARD iliweka fedha katika kampuni nyingi mpaka ilipomezwa na Textron mwaka 1972, na karibu nusu ya faida yake yote ililetwa na DEC peke yake. Kampuni moja! Nyingine zilirudisha kidogo, nyingine zilirudisha kilekile kilichowekwa, nyingine zilikufa. Wala Doriot hakuwa mzembe wa kuchagua. Biashara ya mtaji wa ubia, ambayo vijana mnaiita visii, inaendeshwa na wachache wanaofanikiwa kupita kiasi, na kila mwekezaji anayekaa mbele yako analijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Chukueni kalamu tupige hesabu. Tuseme kuna mfuko wa dola milioni 50. Wale mnaowaona kwenye makongamano, wamevaa raba na fulana, ni wasimamizi tu, kwa maana sehemu kubwa ya fedha si yao. Huko Marekani wenye fedha ni mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, kampuni za bima na familia tajiri; mlango wa pensheni ulifunguka hasa mwaka 1979, Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ilipofafanua kwamba sehemu ya akiba za wastaafu inaweza kuwekwa kwenye uwekezaji wa hatari bila msimamizi kuonekana amekiuka wajibu. Huku kwetu wenye fedha mara nyingi ni taasisi za maendeleo: IFC ya Kundi la Benki ya Dunia, British International Investment ya Uingereza, FMO ya Uholanzi, Proparco ya Ufaransa, Norfund ya Norway. Hawa humpa msimamizi muda, kwa kawaida miaka 10, naye hujilipa ada ya karibu asilimia 2 kila mwaka, na faida ikipatikana huchukua asilimia 20.

Sasa, wenye fedha wanatarajia milioni 50 irudi mara tatu, yaani milioni 150. Msimamizi amenunua hisa katika kampuni 25, na kufikia siku ya kuuza atakuwa na asilimia 15 hivi ya kila moja. Ili asilimia 15 izae milioni 150, kampuni zote zikijumlishwa lazima ziwe na thamani ya dola bilioni 1. Nusu yake huenda zitakuwa zimeshafungwa. Nane au tisa zitakuwa zinapumua tu. Kwa hiyo mzigo wote unaziangukia kampuni tatu au nne. Basi unapomweleza habari za mashine yako ya kukausha dagaa kule Mwanza, hajiulizi kama biashara ni nzuri. Anajiuliza kama inaweza kufikia thamani ya milioni 300 kabla mfuko wake haujafungwa.

Biashara inayopata faida ya dola 200,000 kwa mwaka, inayolipa kodi na kuajiri watu 40, ni neema kwa mtaa mzima. Ndani ya mfuko ule haina nafasi. Mwekezaji akiikataa hajaidharau, ingawa wengi wao hawana adabu ya kulieleza hilo na huishia kusema "tutawasiliana". Mwenye biashara ya aina hiyo anahitaji benki, au saccos, au mbia anayeridhika na gawio la kila mwaka, na ajihesabu ana bahati.

Watu wa pwani hii hawakungoja kufundishwa na Boston kuweka mali kwenye safari isiyo na uhakika. Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Unguja Tharia Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa za kwenda nazo bara kutafuta pembe za ndovu. Biashara ile ilitembea bega kwa bega na utumwa, na hatuna sababu ya kuipamba. Lakini tazameni mkataba wake ulivyokaa: lilikuwa deni. Msafara ukirudi na pembe au ukirudi mikono mitupu, mkopeshaji alidai chake. Mudharaba ni jambo jingine, na wengi humu ukumbini mnaifahamu. Mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi na maarifa, faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, na mali ikipotea bila uzembe wala hila, hasara ya mali ni ya mwenye mali. Mtaji wa ubia unafanana zaidi na huo kuliko na deni la msafara. Kampuni ikifa kwa njia halali, mwanzilishi hadaiwi nyumba ya baba yake.

Mudharaba na mtaji wa ubia vinapoachana ni kwenye malipo. Katika mudharaba biashara ikizaa faida, faida inagawanywa. Mwekezaji wa mtaji wa ubia hangoji gawio; angependa hata faida ndogo unayoipata uirudishe kwenye kukua. Yeye anangoja siku hisa zake zitakaponunuliwa na mtu mwingine, ama kampuni kubwa, ama umma kupitia soko la hisa. Ukichukua fedha zake umekubali, hata kama hamkulitamka, kwamba siku moja kampuni yako itauzwa au itaorodheshwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa Afrika Mashariki, na nashangaa hausemwi vya kutosha. Soko la Hisa la Nairobi na lile la Dar es Salaam yote yalifungua dirisha la kampuni ndogo mwaka 2013, lakini kampuni za teknolojia zilizopita hapo zinahesabika kwa vidole. Wanunuzi wakubwa nao si wengi. Kile kilichotokea Nigeria mwaka 2020, Stripe ya Marekani ilipoinunua Paystack kwa bei iliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 200, kinakumbukwa sana kwa sababu ni nadra. Mwanzilishi wa Arusha au Kisumu anapoulizwa "nani atakununua?", asijibu kwa jina la kampuni kubwa aliyoiona kwenye habari. Ajue ni nani hasa aliwahi kununua biashara kama yake, katika nchi gani, kwa sababu gani.

Tuje kwenye karatasi. Siku hizi fedha za mwanzo kabisa mara nyingi huja kwa mkataba mfupi uitwao SAFE, uliotolewa na Y Combinator ya California mwaka 2013: mwekezaji anatoa fedha leo, hisa atazipata raundi kubwa ya kuchangisha mtaji ikija. Hauna riba wala tarehe ya kulipa, na wepesi wake ndio mtego, kwa sababu mtu anasaini mmoja, wa pili, wa sita, kila mmoja na ukomo wake wa thamani, bila kujumlisha. Raundi inapofika ndipo anagundua ameshagawa theluthi ya kampuni kwa watu ambao baadhi yao hakumbuki sura zao.

Lakini kifungu ninachotaka tukikalie leo ni cha hisa za upendeleo, kwa sababu ndicho kinachowaliza watu siku ya mauzo. Tuseme waanzilishi ni wawili, wanamiliki kampuni yote. Mwekezaji wa kwanza anakuja na dola 500,000, na wanakubaliana kwamba kabla ya fedha hizo kampuni ina thamani ya milioni 2. Fedha zikiingia inakuwa milioni 2 na nusu, na yeye ana asilimia 20. Hati ya masharti ina mstari mwingine mdogo: asilimia 10 itengwe kwa ajili ya wafanyakazi, nayo ikatwe upande wa waanzilishi. Wamebaki na 70, si 80. Kwa lugha ya sokoni, kampuni yao haikuthaminiwa milioni 2 bali milioni 1 na robo tatu, maana hizo hisa za wafanyakazi wamezitoa wao mfukoni. Mwaka unapita. Anakuja mwekezaji wa pili na milioni 3 juu ya thamani ya milioni 9, anachukua asilimia 25. Kila mtu anapungua kwa robo: waanzilishi 52.5, mwekezaji wa kwanza 15, wafanyakazi 7.5.

Sasa mambo yanakuwa magumu kidogo, kama yanavyokuwa, na anapatikana mnunuzi wa kuinunua kampuni kwa dola milioni 5. Waanzilishi wanakwenda nyumbani wakipiga hesabu: nusu na zaidi ya milioni 5, yaani dola 2,625,000. Wanaanza kuangalia viwanja Kigamboni.

Mkataba unasemaje? Unasema wenye hisa za upendeleo wanarudishiwa kwanza walichoweka, na anayetaka kuacha haki hiyo ili agawane kwa asilimia aamue mwenyewe. Mwekezaji wa pili akigawana kwa asilimia anapata milioni 1 na robo. Akichukua chake anapata milioni 3. Hahitaji kikao. Wa kwanza naye, baada ya hiyo milioni 3 kuondoka, anaona akigawana kilichobaki atapata 400,000, kwa hiyo anachukua 500,000 zake. Imebaki milioni 1 na nusu kwa waanzilishi na wafanyakazi. Sehemu ya waanzilishi ni dola 1,312,500. Imekatika katikati.

Na huo ndio mkataba wa kawaida, wa kiungwana. Upo mwingine unaomruhusu mwekezaji achukue kwanza alichoweka, kisha arudi tena kwenye foleni kugawana kilichobaki kwa asilimia zake. Chini ya huo, waanzilishi wetu wanapata 787,500. Na upo wa kurudishiwa mara mbili ya kilichowekwa. Hapo wawekezaji wanadai milioni 7 kwenye kapu la milioni 5, na walioanzisha kampuni wanatoka bila hata nauli. Thamani iliyotangazwa magazetini katika hali zote tatu ni ileile. Ndiyo maana huwaambia vijana kwamba ni afadhali thamani ndogo yenye masharti safi kuliko thamani kubwa yenye kifungu cha kurudia foleni. Mwanasheria anayejua mikataba hii ni ghali, lakini kwa hesabu tuliyoipiga hapa amejilipa mara nyingi.

Jambo la Delaware, jimbo la Marekani, nitalipitia haraka. Wawekezaji wengi wa nje wataomba kampuni mama iandikishwe huko Marekani au Mauritius, halafu ya Dar es Salaam iwe mtoto wake, kwa kuwa wanazijua sheria za huko. Si kosa, ila mnakuwa na wahasibu wawili na kodi mbili za kufikiria, na kurudisha kampuni nyumbani baadaye ni gharama. Muulizeni mtu wa kodi kabla ya kusaini.

Mkishasaini, ndipo maisha ya pamoja yanaanza. Mwekezaji akipata kiti kwenye bodi, ana haki ya kujua na kupiga kura, na bodi ndiyo inayoajiri na kufukuza mkurugenzi mkuu, hata kama mkurugenzi huyo ndiye aliyeizaa kampuni. Larry Page na Sergey Brin wa Google walipochukua dola milioni 25 za Sequoia na Kleiner Perkins mwaka 1999, wawekezaji walitaka aletwe mkurugenzi mzoefu, na mwaka 2001 akaja Eric Schmidt. Mambo yalienda vizuri. Travis Kalanick wa Uber hakuwa na bahati hiyo. Juni 2017, baada ya miezi ya kashfa, wawekezaji wakubwa watano walimwandikia barua ya kumtaka ajiuzulu, na wawili kutoka Benchmark, mmoja wa wawekezaji hao, wakaipeleka wenyewe hotelini alikokuwa, Chicago. Alikuwa na kura nyingi na washirika wake wa karibu. Bado aliondoka. Kampuni iliyokuwa ikitumia fedha kwa kasi ile isingeweza kukaa bila wale wanaozileta.

Kwa kampuni zetu ndogo ugomvi huanza kwa sababu ya chini zaidi ya hizo: ukimya. Fedha zinapopungua, mwanzilishi anaacha kujibu simu. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ningeongeza kwamba mwekezaji bila habari hudhani mali imepotea hata kama ipo. Mwandikie ukurasa mmoja kila mwezi: fedha zilizopo benki, zinazotoka kwa mwezi, miezi mliyobakiza, mauzo, kilichoharibika, na jambo moja analoweza kusaidia. Kilichoharibika kikae juu, asikifuate chini kabisa. Msimamizi wa mfuko naye anaandika ripoti kwa wenye fedha kila robo mwaka, na akishtukizwa na habari yako mbele yao, hataisahau.

Miaka ya karibuni imetuonyesha kwa wazi kwamba mwenye mtaji naye ana mwenyewe. Mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 fedha zilifurika Nairobi. Wasoko, iliyokuwa ikiwapelekea wenye maduka bidhaa, ilipata dola milioni 125 Machi 2022. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba. Tajiri wa New York aliyekuwa hapati kitu kwa kuweka fedha kwenye hati fungani za serikali sasa alipata, bila hatari yoyote, na hamu yake ya kubahatisha Afrika ikapungua. Sendy ya Nairobi, ya usafirishaji, ilifunga mwaka 2023. Copia, iliyouza bidhaa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Wasoko yenyewe iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024. Hizi hazikuwa kampuni za matapeli. Mzigo ulifika na wateja walikuwepo. Lakini kupeleka katoni ya sabuni hadi kwenye duka la uchochoroni huacha faida nyembamba sana, na upana wa mtandao wao ulipangwa kwa imani kwamba raundi nyingine itakuja. Haikuja kwa wakati.

Linganisheni na M-KOPA, iliyoanza na taa za jua za kulipia kidogo kidogo na sasa inauza simu kwa mtindo huohuo. Mwaka 2023 ilipata zaidi ya dola milioni 250, na kati ya hizo hisa zilikuwa milioni 55 tu. Zilizobaki zilikuwa mikopo. Kununua simu elfu moja ambazo unajua kwa uzoefu wateja watazilipia vipi ni kazi ya mkopo. Kujaribu nchi mpya au bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuiuza, hapo ndipo utoe hisa. Kuuza hisa ili ununue bidhaa za kujaza ghala ni kulipa kwa kitu ghali kuliko vyote ulivyonavyo. Na kabla hamjasema kila kikubwa lazima kipite kwa wawekezaji hawa, kumbukeni M-Pesa ya mwaka 2007 ilitoka ndani ya Safaricom na Vodafone, ikichangiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza.

Kwa hiyo mwekezaji akija, naye afanyiwe usaili. Mfuko wenu ulianza mwaka gani? Kama uko mwaka wa saba, jueni ataanza kuwasukuma muuze wakati ninyi ndio kwanza mnapata mwendo. Mmetenga kiasi gani kwa raundi zinazofuata? Wenye fedha wenu ni akina nani, na wanakataza nini? Taasisi ya maendeleo itataka ripoti za mazingira na ajira, na hiyo ni kazi ya mtu mzima ofisini. Kisha mwombeni namba za waanzilishi watatu ambao kampuni zao zilikufa mikononi mwake. Wa kampuni zinazofanya vizuri watamsifu tu. Akisita kutoa namba hizo, mmeshajibiwa. Na anayewatoza ada ili mje kuwasilisha wazo lenu, huyo ana biashara nyingine.

Namalizia na swali nililoletewa kwenye karatasi kabla hatujaanza: mambo yakishindikana, fedha zilizobaki tuzifanyeje? Msingoje ziishe. Mkiona miezi mitatu imebaki na hakuna raundi inayokuja, iteni bodi mkiwa bado na uwezo wa kuamua. Orodha huandikwa hivi: mishahara na michango ya wafanyakazi kwenye mifuko ya hifadhi, kodi, wauzaji na wakopeshaji wanaowadai, kisha wenye hisa za upendeleo, na mwisho ninyi wenyewe. Mwanasheria atawaambia sheria ya nchi yenu inapanga vipi hatua hizo. Baada ya hapo waandikieni wawekezaji barua ya kurasa mbili inayoeleza mlijaribu nini, soko lilijibu nini, na muwaambatanishie hesabu. Wapo wasimamizi wa mifuko walioweka fedha kwenye kampuni ya pili ya mtu aliyewarudishia senti 20 za kila dola ya kampuni ya kwanza.